Chanzo Halali Hakitoshi: Seli Shina za Moyo na Dhamana ya Tabibu katika Fiq'hi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyejaalia kila maradhi kuwa na dawa yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Amma baad.

Ndugu msomaji, maimamu wetu siku hizi wanaulizwa maswali ambayo hayamo kwa majina yake katika vitabu tulivyosomea madrasa. Mojawapo ni hili: je, yafaa kwa Muislamu kutibiwa moyo ulioharibika kwa seli shina? Wengi wetu tukiulizwa hivyo hukimbilia jambo moja tu: seli hizo zimetoka wapi? Tukishaambiwa zimetoka katika mwili wa mgonjwa mwenyewe, hutulia na kusema kuwa hapana ubaya.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo ni nusu. Nusu ya pili ni usalama na ukweli wa tiba yenyewe. Nayo si kazi ya madaktari peke yao, bali ni mlango wa fiq'hi, tena mlango wa zamani ambao mafaqihi waliuandika karne nyingi kabla ya maabara za leo. Historia ya seli shina za moyo katika miaka ishirini na mitano iliyopita inaonyesha kwa nini mlango huo haupaswi kusahauliwa.

SWALI LINAPOFIKA MZUMBE

Tuchukue mfano wa Mzumbe, mkoani Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kandokando ya barabara kuu iendayo Iringa. Wengi wanapajua kwa sababu ya elimu: skuli ya serikali za mitaa iliyoanzishwa hapo mwaka 1953 iligeuka IDM mwaka 1972, kisha Chuo Kikuu Mzumbe mwaka 2001, na sheria ni miongoni mwa masomo yake makubwa. Lakini ukiiacha barabara kuu pale Sangasanga ukaelekea Mlali na kupanda Mgeta, unakutana na wakulima wa mboga na matunda wanaoishi kwa jembe. Kwa Waluguru ardhi kwa desturi ni ya ukoo, na ukoo huhesabiwa upande wa mama. Shamba halikuwa la mtu mmoja kulifanyia apendavyo.

Mtu wa huko moyo wake ukichoka, miguu ikavimba na pumzi ikawa inamkatika akipanda kilima, ndugu hawakai kimya. Leo simu ya mkononi huwaletea matangazo ya zahanati za ng'ambo zinazoahidi kumchoma mgonjwa sindano ya seli shina ili moyo wake ujijenge upya. Wengine huletewa vidonge vinavyosemwa vina seli za kondo la nyuma la mnyama. Fedha zinazotakiwa ni za kuuza shamba, au za mchango utakaotangazwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Hapo imamu anaombwa asimame mbele ya watu na kuwahimiza watoe. Akisimama, ameshashuhudia mbele ya waumini kwamba jambo hilo lina maslahi. Je, anajua anachokishuhudia?

MAULAMAA NA MOYO WA MWANADAMU

Kabla ya kuingia katika habari za leo, inafaa tukumbuke kuwa elimu ya moyo haikuwa ngeni kwa maulamaa wetu. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 687 H (1288), alikuwa tabibu na papo hapo faqihi wa madhehebu ya Imamu Shafi, aliyesomesha fiq'hi katika madrasa ya Masruriyya. Kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walikuwa wakimfuata Galen, tabibu wa Kiyunani, aliyesema kwamba damu hupita kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu katika ukuta wa kati. Ibn al-Nafis akasema ukuta huo hauna vitundu, na kwamba damu huenda kwanza kwenye mapafu, ikachanganyika na hewa, ndipo ikarudi upande wa kushoto. Ukubwa wa jina la Galen haukumzuia kuikataa kauli ambayo ushahidi hauiungi mkono.

Kabla yake, Ibn Sina (aliyefariki 428 H/1037) aliandika kitabu maalumu juu ya dawa za moyo. Katika juzuu ya pili ya al-Qanun aliweka masharti saba ya kuijaribu dawa kabla ya kuiamini. Mawili kati yake tuyashike, kwani tutayahitaji mbele. La kwanza, athari ya dawa ionekane daima au mara nyingi, la sivyo huenda ilitokea kwa bahati. La pili, jaribio lifanywe katika mwili wa mwanadamu, kwa sababu kinachofanya kazi kwa simba au farasi si hoja kwamba kitafanya kazi kwa binadamu.

SELI SHINA NI NINI?

Mwili umejengwa kwa seli, nazo ni chembe ndogo sana zisizoonekana kwa jicho. Nyingi zina kazi maalumu: hii ya misuli, hii ya ini, hii ya damu. Seli shina ni zile ambazo bado zinaweza kuzaa seli za namna nyingine. Zipo kwenye uloto, yaani ute ulio ndani ya mifupa, ambako huzalisha damu. Zipo pia katika damu ya kitovu cha mtoto mchanga, na zile zenye uwezo mkubwa kuliko zote zimo katika kiinitete cha siku chache. Mwaka 2006 mtaalamu wa Japani, Shinya Yamanaka, aligundua njia ya kuirudisha seli ya kawaida ya panya katika hali ya ushina, na mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli ya binadamu. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2012.

Kwa maradhi ya damu, tiba hii si ndoto. Upandikizaji wa uloto una historia ya tangu miaka ya 1950, na hapa Tanzania umeanza kufanyika: Muhimbili tangu mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2023 kwa watoto wenye selimundu. Tusije tukachanganya mambo. Tunayoyazungumzia hapa ni madai mengine, kwamba seli hizo zinaweza kuutengeneza moyo.

Na moyo una tabia yake. Mtu akipata shambulio la moyo, mshipa huziba, na misuli inayokosa damu hufa. Seli zinazokufa huweza kufika bilioni moja, na mahali pake panabaki kovu lisilosukuma damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa seli za misuli ya moyo hujibadilisha kwa kiasi cha asilimia moja tu kwa mwaka kwa kijana wa miaka 25, na chini ya nusu ya asilimia moja kwa mzee wa miaka 75. Ndiyo maana habari kwamba kuna sindano ya kuujaza moyo seli mpya ilipokelewa kwa furaha kubwa.

HABARI ILIYOUTANGULIA UTHIBITISHO

Mwezi Juni 2000, mjini Paris, daktari Philippe Menasché alichukua seli za msuli wa paja la mgonjwa, zikakuzwa maabara, kisha akazipandikiza katika moyo wa mgonjwa huyohuyo. Chanzo chake kilikuwa safi kabisa kwa kipimo chochote cha sharia. Lakini wagonjwa wanne kati ya kumi wa mwanzo walipatwa na mapigo ya moyo ya kasi yasiyo na mpangilio, hali inayoweza kuua ghafla, ikabidi wawekewe vifaa vya umeme vya kuurekebisha moyo. Seli za paja zilikaa moyoni, lakini hazikupiga pamoja na moyo. Jaribio kubwa zaidi lililotolewa mwaka 2008, la wagonjwa 97, halikuonyesha kuwa moyo umepata nguvu kuliko kwa wale wasiopewa seli.

Mwezi Aprili 2001, huko Marekani, kundi la mtafiti Piero Anversa lilichapisha katika jarida la Nature kwamba seli za uloto zilizodungwa katika mioyo ya panya zimegeuka misuli mipya ya moyo. Habari ikaenea duniani. Kabla mwaka haujaisha, madaktari wa Düsseldorf, Ujerumani, walikuwa wameshaanza kuwapa binadamu seli za uloto wao wenyewe. Kumbuka sharti la Ibn Sina juu ya mnyama na mtu.

Mwaka 2004 makundi mawili mengine ya watafiti yalirudia kazi ile kwa panya, na yote mawili yakaona kwamba seli za uloto hazigeuki misuli ya moyo. Hata hivyo majaribio kwa binadamu yaliendelea, na maabara ya Anversa ikatoa dai jipya kuwa moyo una seli shina zake wenyewe zinazoweza kuvunwa na kurudishwa. Mwaka 2011 jarida la Lancet likachapisha jaribio la seli hizo kwa wagonjwa, lenye matokeo ya kupendeza.

Kisha mambo yakafunuka. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walichapisha katika jarida la BMJ uhakiki wa majaribio 49 ya seli za uloto. Walitafuta hitilafu za wazi ndani ya ripoti zenyewe, kama hesabu zisizojumlika na maelezo yanayopingana, wakapata zaidi ya 600. La kushangaza zaidi, kadiri ripoti ilivyokuwa na hitilafu nyingi, ndivyo faida iliyodaiwa ilivyokuwa kubwa. Majaribio machache yasiyo na hitilafu hata moja hayakuonyesha faida yoyote. Mwaka 2017 hospitali ya Brigham and Women's ya Boston na kampuni mama yake walikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 10 kwa sababu ya fedha za utafiti zilizopatikana kwa data zinazodaiwa kughushiwa katika maabara ya Anversa. Oktoba 2018 chuo cha tiba cha Harvard pamoja na hospitali hiyo wakatangaza kwamba makala 31 za maabara ile zifutwe. Makala ya Lancet ilifutwa mwaka 2019.

Hatumhukumu mtu nia yake. Nia anazijua Allah. Lakini kwa miaka kumi na saba wagonjwa walitobolewa mifupa na kuingizwa mirija mioyoni kwa habari ambayo msingi wake haukuhakikiwa ipasavyo. Aya ya 6 ya Surat Al-Hujurat inawaamrisha waumini kuihakiki habari wasije wakawadhuru watu kwa kutojua. Sisi tumezoea kuisoma aya hiyo katika mambo ya fitna na uvumi mtaani. Humu ndani ya maabara nako ina mahali pake.

HALI ILIVYO SASA

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Majaribio yaliyofanywa kwa taratibu sahihi yaliendelea. Jaribio kubwa la Ulaya lililokusudia wagonjwa 3,000 waliopata shambulio la moyo liliishia na wagonjwa 375, na matokeo yake yaliyotolewa mwaka 2020 hayakuweza kuthibitisha kuwa seli za uloto hupunguza vifo. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2023, la wagonjwa zaidi ya 500 wenye moyo dhaifu, halikufikia lengo lake kuu, ingawa lilionyesha dalili ya kupungua kwa mashambulio ya moyo na kiharusi, jambo linalohitaji kuthibitishwa. Kwa jumla, seli za uloto zinapotolewa na wataalamu chini ya uangalizi hazijaonekana kuwa na madhara makubwa. Kasoro yake ni faida, ambayo haijathibiti.

Seli zilizotengenezwa kwa njia ya Yamanaka zinaleta matumaini zaidi kwa sababu huwa kweli misuli ya moyo. Osaka walimwekea mgonjwa wa kwanza utando wa seli hizo mwaka 2020, na mwaka 2025 wataalamu wa Ujerumani wakachapisha kazi yao kwa nyani na kwa mgonjwa mmoja. Lakini zina hatari mbili. Seli shina iliyobaki bila kugeuka inaweza kuwa uvimbe. Na nyani waliopewa seli za moyo zilizotokana na viinitete, katika utafiti wa mwaka 2014, walipata mapigo yasiyo na mpangilio. Tiba nyingine ya Japani, utando wa seli za msuli wa paja, iliruhusiwa kuuzwa kwa masharti mwaka 2015, ikapewa muda wa kuonyesha faida yake. Haikuweza, na mwaka 2024 ikaondolewa.

Hayo ni ya wataalamu wanaofuata taratibu. Kwa wasiofuata, mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2017 iliandikwa habari ya wanawake watatu wa Florida waliodungwa machoni seli zilizotokana na mafuta ya miili yao wenyewe, wakalipishwa dola 5,000 kila mmoja, na wote wakapoteza uwezo wa kuona. Mwaka 2009 ilichapishwa habari ya mtoto wa Israeli aliyepelekwa Moscow kupewa seli za vijusi, akaota uvimbe katika ubongo na uti wa mgongo uliotokana na seli za wafadhili. Na vile vidonge? Seli ni kiumbe hai. Haiwezi kukaushwa katika kidonge, ikapita tumboni ikamenywa kama nyama, kisha ikafika moyoni ikiwa hai.

MAKKA 1424: NINI KILIAMULIWA NA NINI HAKIKUAMULIWA

Baraza la Fiq'hi la Rabita lilikutana Makka katika kikao chake cha 17, Shawwal 1424 (Desemba 2003), likatoa uamuzi juu ya seli shina. Kwa ufupi, liliruhusu kuzipata, kuzikuza na kuzitumia kwa tiba au utafiti halali ikiwa chanzo chake ni halali: watu wazima walioridhia pasipo kudhurika, watoto kwa idhini ya mawalii wao na kwa maslahi ya kisharia bila kuwadhuru, kondo la nyuma na kitovu kwa idhini ya wazazi, kijusi kilichotoka chenyewe au kilichotolewa kwa sababu ya kitabibu inayokubalika, na mayai yaliyorutubishwa yaliyobaki katika matibabu ya uzazi kwa ridhaa ya wazazi. Likaharamisha zinazotokana na mimba iliyotolewa kusudi bila sababu ya kitabibu, mbegu na yai vya wafadhili, na kunakili binadamu kwa ajili ya tiba.

Huu ni uamuzi wenye manufaa makubwa, na maulamaa wetu wameunukuu mara nyingi. Lakini tuusome kwa makini. Umejibu swali la chanzo. Haukusema, wala haukukusudia kusema, kwamba kila atakayejitokeza na sindano ya seli halali atakuwa ametoa tiba halali. Wagonjwa wa Paris walipewa seli zao wenyewe. Wale wanawake wa Florida walipewa seli zao wenyewe. Uhalali wa chanzo haukuwakinga na madhara. Maji ni halali, na mtu huzama ndani yake.

Maamuzi mengine ya maulamaa yanaikamilisha nusu iliyobaki. Majmaa ya Fiq'hi ya Kimataifa ya Jeddah, katika kikao chake cha saba cha mwaka 1412 H (Mei 1992), ilisisitiza kuwa ridhaa ya mgonjwa mwenye akili timamu ni sharti la matibabu, na kwamba katika utafiti wa kitabibu ridhaa hiyo iwe kamili, bila kulazimishwa wala kushawishiwa kwa mali. Nasi twauliza: mtu aliyefichwa kuwa tiba anayouziwa bado ni jaribio, ameridhia nini?

DHAMANA YA TABIBU

Tukirudi katika vitabu vya mafaqihi tunakuta mlango uitwao dhamana ya tabibu. Asili yake ni hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, ambamo Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayejitia katika utabibu hali hajulikani kwa elimu hiyo, huyo ni mwenye kudhamini, yaani hubeba fidia ya madhara anayoyasababisha.

Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 H/1350), akiifafanua hadithi hii katika Zad al-Ma'ad, aliwagawa matabibu mafungu matano. Aliye mjuzi, akaipa kazi haki yake na akaruhusiwa na mgonjwa, hadhamini kinachotokea bila ya kosa lake. Mjinga aliyemhadaa mgonjwa akadhani ni mjuzi hudhamini. Mjuzi ambaye mkono wake umekosea hudhamini kosa hilo. Mjuzi aliyejitahidi katika kuagiza dawa akakosea, fidia hulipwa, na maulamaa wana kauli mbili iwapo italipwa na hazina ya Waislamu au na jamaa zake. Na aliyemtibu mtu bila ya idhini ana hukumu yake. Tazama jinsi mgawanyo huu unavyoyagusa ya leo: zahanati inayouza sindano ya seli kama tiba iliyothibiti, wakati haijathibiti, imeingia fungu la pili hata kama aliyeshika sindano ana shahada ukutani. Hadaa ndiyo inayohukumiwa.

Hata mgonjwa mwenyewe hakuachiwa mwili wake aufanyie atakavyo. Imamu Nawawi (aliyefariki 676 H/1277), katika Minhaj inayosomeshwa katika pwani yetu yote, amezungumzia mtu mwenye uvimbe anayetaka kuukata. Anaruhusiwa, isipokuwa pale ambapo kukata ni hatari na kuuacha hakuna hatari, au hatari ya kuukata ni kubwa kuliko ya kuuacha. Mistari hiyo michache iliandikwa zama zile za Ibn al-Nafis, nayo ni mizani kamili: hatari ya tiba iwekwe upande mmoja, hatari ya kuacha upande wa pili. Na mizani haiwezi kupima mpaka habari za pande zote mbili ziwe za kweli. Anayeficha hatari ya sindano, au anayeongeza chumvi katika faida yake, ameivunja mizani kabla mgonjwa hajaishika.

Watawala wa Kiislamu nao hawakuliacha jambo hili kwa mgonjwa peke yake. Mwaka 319 H (931), Baghdad, mtu mmoja alikufa kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu yeyote mpaka awe ametahiniwa na tabibu mkuu Sinan ibn Thabit, na waandishi wa historia wanataja matabibu zaidi ya 860 waliopitia mtihani huo. Hapa kwetu kazi hiyo imegawanywa: Baraza la Madaktari Tanganyika husajili madaktari, TMDA hukagua dawa na kuruhusu majaribio yake, na NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, husimamia maadili ya utafiti wa tiba. Kumuuliza mtu kibali chake si kukosa tawakkul wala si dharau. Ni sunna ya Baghdad.

FUNZO LA SAMUNGE

Asije mtu akadhani haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 2011 nchi yetu ilishuhudia msafara wa magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, ikisemwa kuwa kinatibu maradhi sugu yasiyo na tiba. Walikwenda maskini na matajiri, wasomi na wasiosoma, na watu wa dini zote. Wapo waliofia njiani na katika foleni, na wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini wamepona. Bei ya kikombe ilikuwa ndogo. Gharama kubwa ilikuwa ile ya kuacha dawa zilizokuwa zikiwashikilia.

Samunge kulikuwa na mizizi, zahanati za ng'ambo zina sindano na makoti meupe, lakini mlango ni mmoja: mgonjwa mwenye haja, habari inayokimbia kuliko uthibitisho, na viongozi wanaoona haya kuuliza. Tofauti ni kuwa Samunge mtu alitoa shilingi 500 na nauli, na kule anatoa shamba la ukoo.

IMAMU AFANYE NINI?

Kwanza, asikatishe watu tamaa ya rehema ya Mola wao wala asiwakemee wanaotafuta tiba. Kujitibu ni jambo lililosuniwa katika madhehebu yetu.

Pili, akiombwa kutangaza mchango, aulize kwa upole maswali manne. Je, hii ni tiba iliyothibiti au ni jaribio? Kama ni jaribio, limeruhusiwa na mamlaka gani, na kwa nini mgonjwa anatozwa fedha nyingi kushiriki katika jambo ambalo watafiti wenyewe hawajalijua? Ni nani atakayebeba dhamana na kumhudumia akidhurika baada ya kurudi nyumbani? Na daktari wa moyo anayemjua mgonjwa huyu anasemaje? Asiyepata majibu asitangaze. Mali ya waumini ni amana mikononi mwake.

Tatu, aelekeze kwenye kilicho karibu na kilichothibiti. Upasuaji mkubwa wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete imekuwapo tangu 2015. Kutoka Morogoro mjini hadi Dar es Salaam ni chini ya kilomita 200, na tangu Juni 2024 treni ya umeme huifupisha safari hiyo. Mchango wa nauli, wa bima au wa dawa za kila mwezi za mgonjwa wa Mlali una thawabu zake, na faida yake inajulikana.

Nne, azungumzie kinga katika darsa zake. Mioyo mingi kwetu huharibiwa na shinikizo la damu lisilopimwa, na mingine na homa ya rumatiki inayoanza kwa mtoto kuumwa koo. Koo lile likitibiwa mapema kwa penisilini, moyo huokoka. Kipimo cha shinikizo la damu kikiwekwa msikitini siku ya Ijumaa moja kwa mwezi, huenda kikaokoa mioyo ambayo hakuna sindano ya seli iliyokwishaweza kuifufua.

Huenda siku moja, kwa idhini ya Allah, seli shina zikawa tiba ya kweli ya moyo. Kazi za Osaka na Ujerumani zinaendelea, na Muislamu hana sababu ya kuichukia elimu. Siku hiyo ikifika, chanzo chake kitaulizwa kama walivyouliza maulamaa wa Makka, na hatari yake itawekwa katika mizani ya Nawawi. Mpaka hapo, mwenye moyo mgonjwa ana haki juu yetu ya kuambiwa ukweli kabla hajauza shamba.

Wallahu a'lam.